Nguo hazikauki na mashine inanuka: usufi umejificha wapi?

SWALI: Fundi, habari yako. Tulihamia fleti ya ghorofa ya 5 hapa Kileleshwa mwezi wa nne, na mwenye nyumba hataki nguo zianikwe kwenye balkoni. Tukanunua mashine ya kukaushia nguo iliyotumika, ile yenye bomba nyuma, kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Mwanzoni mzigo wa nguo za watoto ulikauka kwa saa moja hivi. Sasa ni saa mbili na nusu na jinzi bado zina unyevu, juu ya mashine panachoma mkono, na jana usiku nilisikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Dada anayenisaidia nyumbani anasema analisafisha chujio kila siku, na nimemwona kwa macho yangu. Tatizo ni nini, na je, naweza kusafisha mwenyewe? – Mama Pacha, Kileleshwa

JIBU: Mama Pacha, salama. Kabla ya mengine yote, leo usiiwashe. Izime kwenye swichi ya ukutani, chomoa plagi, na nguo zilizobaki zitandaze kwenye viti na kamba ya ndani, hata kama sebule itafanana na kwa dobi kwa siku mbili. Nguo kuchelewa kukauka ni dalili. Juu ya mashine kuchoma mkono ni dalili ya pili. Harufu ni ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie leo leo badala ya kukuweka kwenye foleni.

Dada yako wa kazi anasema kweli, usimgombeze. Chujio analisafisha. Lakini chujio ni sehemu moja tu ya safari ndefu ya hewa, na mahali ambapo hewa imekwama katika mashine yako, mkono wake haufiki.

Watu wengi hudhani mashine hii inakausha nguo kwa joto. Inakausha kwa hewa. Joto ni msaidizi. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye koili inayoiva nyekundu kama ya jiko la stima. Hewa hiyo ya moto huingia kwenye pipa linalozunguka, ikanyonya maji ya nguo, ikapita kwenye chujio, kisha ikasukumwa kwenye bomba hadi nje. Wakati wote huo nguo zinasuguana, na nyuzi ndogo ndogo zinakatika na kupeperuka na hewa. Wengine huziita pamba, wengine manyoya, wengine vumbi la nguo. Mimi huziita usufi, kwa sababu nililelewa Mombasa na kulala juu ya godoro la usufi, na kila nikizishika vidoleni nakumbuka kitu kile kile: chepesi mpaka hukisikii, na kinang'ang'ania chochote kinachokigusa.

Chujio hushika sehemu kubwa ya usufi, si wote. Ule mwembamba hupenya matundu. Mwingine hupita pembeni, hasa kama chujio halijakaa sawasawa au mpira wake umechanika. Ukifika kwenye bomba unakuta mvuke, unalowa, unajibandika ukutani. Kesho unabandikwa mwingine juu yake. Mwisho njia inakuwa nyembamba. Maji hayana pa kutokea, ndiyo maana jinzi hazikauki. Joto halina pa kutokea, ndiyo maana panachoma mkono. Na usufi uliokosa njia unarudi kujikusanya ndani ya mashine yenyewe, karibu na koili. Ninavyoisoma barua yako, harufu ya pasi ni usufi ulioanza kubabuka.

Mashine ina ulinzi wake. Kuna thamostati inayozima koili joto likizidi na kuiwasha tena likipungua. Hapo pipa linazunguka saa mbili na nusu, joto linakuja na kuondoka, na tokeni zako za stima zinaisha. Nyuma ya thamostati kuna kinga ya mwisho: fyuzi ndogo ya joto ambayo katika mashine nyingi hukatika mara moja tu, haifufuki. Mashine nyingi ninazoitiwa kwamba “hazitoi joto” zimekatika fyuzi hiyo. Mwenyewe anadhani imeharibika, kumbe imemwokoa. Dawa yake ni kutafuta kwa nini joto lilizidi, kulimaliza hilo, kisha kuweka fyuzi mpya ya kiwango kile kile. Lakini wapo wanaojiita mafundi ambao huunga waya moja kwa moja na kuiruka fyuzi, mashine ikawaka, mteja akafurahi, wakalipwa. Nimezifungua mashine za namna hiyo na nimetetemeka. Yako ni ya mkono wa pili, dada, na hatujui imepitia mikono ya nani. Kwa sababu hiyo peke yake, na kwa sababu ya harufu, kuna sehemu ya kazi hii ambayo utaifanya wewe na sehemu ambayo utaita fundi. Nitakuonyesha mpaka uko wapi.

Kwanza niseme kwa nini naichukulia kazi hii kwa uzito. Siku moja nilikuwa na kijana ninayemfundisha kazi, akaniuliza hizi nyuzi zina hatari gani. Nilimtoa nje penye jiko la makaa lililokuwa limebakiza kaa moja tu jekundu. Nikachukua kibonge cha usufi cha ukubwa wa yai la kware, nikakidondosha juu yake. Haukupita muda wa kutamka neno. Ulimi wa moto ulipanda, ukala kibonge chote, ukabakiza jivu jembamba kama utando wa buibui. Kijana akarudi nyuma hatua mbili. Ndani ya bomba lako huenda kuna vibonge mia vya namna hiyo. Na usije ukatumia usufi huu kuwashia jiko, kwa maana umechanganyika na nyuzi za poliesta na moshi wake ni mbaya kwa kifua, hasa cha watoto.

Marekani, ambako mashine hizi ziko katika nyumba nyingi, idara yao ya taifa ya zimamoto ilikusanya taarifa za mwaka 2008 hadi 2010. Ilikadiria mioto 2,900 kwa mwaka katika makazi iliyoanzia kwenye mashine za kukaushia nguo, na vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35 kila mwaka. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Mwezi uliozidi yote ulikuwa Januari, katikati ya baridi yao. Sisi Januari yetu ni jua, lakini tuna Juni, Julai na Agosti, mawingu asubuhi hadi jioni na manyunyu yasiyokwisha, na kabla ya hapo masika ya Machi hadi Mei. Ninyi mlihamia mwezi wa nne. Mashine yenu imeanza kazi mvua ikinyesha na haijapumzika.

London nao walipata somo lao Agosti 2016, katika jengo la ghorofa 18 eneo la Shepherd's Bush. Moto ulianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo katika fleti ya ghorofa ya 7 na kupanda hadi fleti za juu. Hakuna aliyekufa. Pale mashine ilikuwa na kasoro ya kiwandani, ya aina ambayo usufi uliweza kufikia koili, kwa hiyo siyo kwamba mwenye nyumba alikuwa mchafu. Ninachotaka ukichukue hapo ni kwamba katika fleti moto wako si wako peke yako. Juu yako kuna watu, na chini yako kuna watu.

Sasa tuingie kazini. Chagua mchana, watoto wakiwa mahali pengine, mashine ikiwa imezimwa angalau saa moja ili koili ipoe. Tafuta mashine ya kuvuta vumbi yenye mdomo mwembamba, brashi laini, brashi ndefu ya kuoshea chupa, tochi, barakoa na glavu. Glavu si urembo. Kingo za bati nyuma ya mashine hizi hukata kama wembe. Kama mashine imebebeshwa juu ya ile ya kufulia, usiishushe peke yako, maana ina kilo 30 na zaidi.

Plagi uliyoichomoa iangalie kabla hujaiweka kando. Mashine kama yako kwa kawaida hula wati 2,000 hadi 2,500, na plagi yetu ya ampia 13 kwa volti 240 mwisho wake ni kama wati 3,100. Inatosha, lakini haina nafasi ya mchezo. Ukiona pini imebadilika rangi kuwa kahawia, au uso wa soketi umelainika, hiyo harufu inaweza kuwa inatoka hapo na siyo kwenye usufi, na ni kazi ya fundi wa stima. Kama ulikuwa unatumia waya wa ekstensheni, uache kabisa. Mashine hii ikae kwenye soketi ya ukutani, peke yake.

Sasa chujio. Litoe, ondoa usufi kwa vidole, kisha lipeleke kwenye sinki na umwagie maji kidogo juu ya wavu. Maji yakipita mara moja, chujio ni zima. Yakisimama juu kama umande kwenye jani la gimbi, basi matundu yamezibwa na utando usioonekana. Utando huo hutokana na vile vitambaa vya manukato vinavyowekwa ndani ya pipa, na pia sabuni na dawa ya kulainishia nguo isiyosuuzwa vizuri. Hapa ndipo dada wa kazi anapoweza kusafisha kila siku kwa uaminifu na chujio likabaki limeziba. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, pande zote mbili. Liache likauke kabisa, hata ikichukua usiku mzima, kwa sababu wavu mbichi hunasa usufi na kuufanya kama uji. Likiwa na tundu, hata la ukubwa wa punje ya mtama, nunua jipya. Na mashine isiwashwe hata mara moja bila chujio, hata kwa mzigo mdogo wa soksi.

Mulika tochi ndani ya tundu lilimotoka chujio. Utaona zulia la kijivu kwenye kuta. Ingiza mdomo mwembamba wa mashine ya kuvuta vumbi, kisha brashi ya chupa taratibu, kisha vuta tena. Usitumie hanga ya nguo wala uma. Chini huko kuna feni, na mara nyingine waya, na ukikivunja kitu hutakiona. Kwenye mashine nyingi, karibu na hapo kwenye mdomo wa pipa, kuna vipande viwili vya chuma kinachong'aa, virefu kama kidole. Hivyo ndivyo vinavyoiambia mashine nguo zimekauka au la. Vipanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo.

Sasa tunafika kwenye bomba, na hapa ndipo naamini tatizo lako limelala.

Mwaka jana niliitwa kwenye fleti huko Kilimani, malalamiko yale yale kama yako, hata saa zilikuwa karibu zile zile. Mama wa nyumba alikuwa msafi kiasi kwamba niliona haya kuingia na viatu. Nikavuta mashine kutoka ukutani, nikakuta bomba la plastiki lenye mikunjo, refu kuliko lilivyohitajika mara tatu. Aliyelifunga hakutaka kulikata, alilizungusha nyuma ya mashine kama nyoka aliyelala, na tumbo la nyoka huyo lilikuwa chini sakafuni. Nikalifungua. Kwenye lile tumbo kulikuwa na maji, yale ya mvuke uliopoa, na ndani ya maji usufi umekaa kama matope. Mbele zaidi kulikuwa na usufi mkavu. Nilipouvuta ulitoka mzima mzima, mrefu kama mkono wangu kutoka bega hadi vidole, una umbo kamili la bomba pamoja na mikunjo yake. Katikati ulikuwa na kitundu. Nikaingiza kidole gumba, kikajaa. Mashine iliyotengenezwa itoe hewa kwenye bomba la inchi 4 ilikuwa inapumulia hapo. Yule mama alikaa chini. Alikuwa na desturi ya kuiwasha saa nne usiku kisha kwenda kulala.

Basi fungua klempu, ile pete ya kubana iliyoshika bomba nyuma ya mashine yako, na ile ya upande wa dirishani kama inafikika bila kuchungulia nje. Litoe polepole ili usufi usimwagike chumbani, lifunge mdomo kwa mfuko, likague mahali penye mwanga. Kama ni la plastiki au la karatasi nyembamba ya fedha inayobonyea kwa kidole, usihangaike kulisafisha. Litupe. Plastiki hushika moto pamoja na usufi wake, na ile karatasi hubonyea na kutengeneza vifuko. Nunua bomba la alumini gumu, au lile la alumini linalopindika kidogo lakini linalobaki lilivyopindwa, la inchi 4, yaani kama milimita 100. Kama lako tayari ni la chuma, lipige brashi kutoka pande zote mbili, livute vumbi, lifute kwa kitambaa, likauke. Usifunge tambara kwenye waya na kulisukuma ndani. Tambara hubaki humo, na nimeshatoa matambara ya watu wengi.

Bomba liwe fupi na lenye kona chache kuliko zote zinazowezekana. Kanuni ya ujenzi inayotumika sehemu nyingi za Marekani huweka ukomo wa futi 35, kama mita 10 na nusu, na kila kona ya mraba huhesabiwa kama imekula futi 5. Ndiyo kusema kona mbili tatu zilizowekwa ovyo hula njia kuliko urefu. Kwenye fleti yenye dirisha hapo karibu, mita moja au mbili zinatosha, lililozidi likate. Maungio yashike kwa klempu na utepe wa alumini. Usitumie skrubu ambazo ncha zake zinaingia ndani ya bomba, kwa sababu kila ncha inakuwa mwiba wa kunasia usufi. Ule utepe wa kitambaa wa kijivu nao hukauka kwa joto na kubanduka.

Kuhusu upande wa nje nakuomba sana: uko ghorofa ya 5, usijinyooshe dirishani. Mwambie keateka alete mtu mwenye mkanda wa usalama, au aliyezoea kazi ya juu. Huyo aangalie kama kifuniko cha nje kinafunguka mashine ikipuliza na kujifunga ikizimwa, na kama njiwa hawajajenga. Watu wa Nairobi kwa kuogopa njiwa na mbu hufunga wavu mwembamba kwenye mdomo wa bomba. Nia ni njema, lakini wavu huo unakuwa chujio la pili ambalo halisafishwi na mtu, na unaziba ndani ya wiki chache. Utolewe. Na kama utagundua kwamba bomba haliendi nje kabisa, bali limeingizwa juu ya dari, au bafuni, au kwenye lile shimo la mabomba linalopanda kupitia ghorofa zote, mwandikie mwenye nyumba barua leo. Nimeliona hilo katika majengo mapya yanayong'aa. Mvuke wote wa nguo unaishia humo, kuta zinaota ukungu, na usufi wa fleti kumi unajikusanya kwenye shimo moja.

Hapo ndipo mkono wako unapoishia. Bati la nyuma au la mbele usilifungue. Ndani yake, kuzunguka koili, chini ya pipa na kwenye mota, kuna usufi mwingine, na kwa harufu uliyoisikia lazima uondolewe kabla mashine haijawashwa tena. Ita fundi wa mashine za nyumbani na mwambie waziwazi unachotaka: afungue, avute usufi wote ndani, aikague koili, mkanda na feni, apime thamostati, na akuonyeshe kwa kidole fyuzi ya joto ilipo na kwamba haijarukwa kwa waya. Piga picha kabla na baada. Fundi mwema hatachukia, atafurahi kwamba kazi yake inaonekana. Akifika na ile blowa ya kupulizia kompyuta na kutaka kupuliza pale pale sebuleni, mzuie. Usufi unaopulizwa bila kuvutwa kwanza huzama ndani ya mota na kwenye koili, na unaobaki unaingia vifuani mwenu. Kwa matumizi ya kila siku kama yenu, kazi hii ya ndani ifanywe mara moja kwa mwaka; bomba ulikague kila baada ya miezi mitatu.

Mwambie pia fundi asome kibandiko cha nyuma. Inapaswa kuandikwa volti (V) 220 hadi 240 na hezi (Hz) 50. Mashine zilizotoka Marekani ni za hezi 60 na waya zake zimepangwa tofauti, na nimewakuta watu wameibadilisha plagi tu wakadhani yamekwisha. Kama familia iliyowauzia ilikuja nayo kutoka huko, usiiwashe hata ikiwa safi kama sahani.

Jambo moja hukuuliza, lakini siwezi kulala bila kukwambia. Usufi si kitu pekee kinachoanza moto humu. Nguo zenye mafuta ni hatari yake peke yake. Apuroni ya jikoni, vitambaa vya kufutia mafuta ya alizeti, taulo za masaji, ovaroli iliyoguswa na petroli au rangi, zote zisiingie kwenye mashine hata kama zimefuliwa, kwa sababu kufua hakumalizi mafuta yote. Mafuta ya mimea yakipata joto huendelea kujichemsha yenyewe ndani ya nguo zilizorundikwa. Nilimhudumia mwenye saluni aliyetoa taulo za masaji zikiwa moto saa mbili usiku, akazikunja, akazipanga kabatini, akafunga duka. Asubuhi alikuta taulo za katikati zimekuwa nyeusi na kabati lote linanuka moshi. Hazikuwaka mwali, ashukuriwe Mungu. Ndiyo maana mashine ina dakika za mwisho za kupuliza hewa baridi. Usizikatize, na kama stima ikipotea katikati ya kazi, zitoe nguo na uzitandaze, zisikae zimebanana kwenye pipa la moto.

Kwa wasomaji ambao mashine zao hazina bomba, njia ya hewa ni nyingine lakini usufi ni ule ule. Zile zenye tangi la kukusanya maji huwa na kipoozeo chini, nyuma ya kifuniko kidogo. Kwenye aina nyingi kinachomoka na kuoshwa bombani kila mwezi. Zile za pampu ya joto zina mapezi membamba yasiyotoka, ambayo huvutwa vumbi kwa brashi laini bila kuyakunja. Kitabu cha mashine kitakwambia yako ni ipi.

Na endapo siku moja utaona moshi: usifungue mlango wa mashine, maana hewa ndiyo unayoupelekea moto. Kata umeme kwenye swichi kuu, toa watoto, funga mlango wa chumba, wagongee majirani, shuka kwa ngazi na si kwa lifti, piga 999 au 112. Maji yasimwagwe juu ya mashine yenye stima.

Hadi hapo fundi atakapomaliza, mashine ibaki imechomolewa. Akimaliza, chukua taulo nne zilizokamuliwa vizuri, ziweke, andika saa kwenye kipande cha utepe wa karatasi na ukibandike juu ya mashine. Kama bomba linatoa hewa, utasikia pumzi yake ya moto dirishani kama mtu anayehema. Zikikauka kwa dakika 50 au 60, acha namba hiyo hapo hapo kwenye utepe, na mwonyeshe dada wa kazi. Mwambie kwamba siku mzigo kama huo utakapopita namba hiyo kwa robo saa, azime na akuite, hata kama chujio ni safi na hata kama uko kazini. Mwambie pia asiiwashe usiku wala mkiwa mmetoka. Zikipita dakika 80 siku hiyo hiyo ya kwanza, nitumie picha ya bomba lote kutoka mashine hadi dirishani, pamoja na ile ya kibandiko cha nyuma.